Mjumbe au Wakili? Funzo la Maisha ya Edmund Burke

Katika lugha yetu ya Kiswahili tuna maneno mawili ambayo aghalabu huyatumia kana kwamba ni pacha, nayo ni mjumbe na wakili. Mjumbe ni mtu aliyetumwa. Hupewa ujumbe aufikishe kama alivyoupokea, asiuongeze wala asiupunguze, na ndiyo maana wahenga wakanena kwamba mjumbe hauawi, kwa kuwa maneno aliyoyabeba si yake. Wakili ni mwingine kabisa. Huyo umemkabidhi kesi yako, naye hutumia elimu na akili zake kukutetea, hata pale ambapo huelewi hoja anazozitoa mbele ya hakimu. Swali langu basi ni hili, msomaji mpenzi: yule tunayempigia kura kila baada ya miaka mitano ni mjumbe wetu au ni wakili wetu?

Naliuliza swali hili kwa sababu halijazeeka. Mnamo Juni 25, 2024, wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha na 106 wakaupinga, ilhali nje ya bunge vijana kwa maelfu walikuwa wakitaka ukataliwe. Kabla ya jua kuchwa waandamanaji walikuwa wameingia ndani ya majengo ya bunge, sehemu ya jengo ikashika moto, na watu wakapigwa risasi wakafa. Siku iliyofuata Rais alikataa kuutia saini mswada huo. Wengi wa wale 195 walikuwa wamechaguliwa mwaka wa 2022, takriban miaka miwili tu kabla ya hapo. Ikiwa kura ndiyo sauti ya mwananchi, ilikuwaje sauti ya Agosti 2022 na sauti ya Juni 2024 zikapishana namna ile?

Mbunge anapobanwa kuhusu kura aliyoipiga, aghalabu hujitetea kwamba alichaguliwa ili atumie akili yake, si ili apokee amri za barabarani. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Ina mwenyewe, naye ni Edmund Burke, aliyeketi katika Bunge la Uingereza kwa karibu miaka thelathini na kufariki mwaka wa 1797. Bunge letu limerithi desturi nyingi kutoka katika bunge hilo. Kwa hiyo yafaa tumjue mtu huyu, tujue aliamini nini, na zaidi ya yote tujue yaliyompata kwa ajili ya imani hiyo.

Burke alizaliwa mjini Dublin, nchini Ayalandi, Januari 1729. Baba yake alikuwa mwanasheria na Mprotestanti, na mama yake alitoka katika ukoo wa Kikatoliki. Jambo hilo halikuwa dogo. Ayalandi ya wakati huo ilitawaliwa na Waingereza, na Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi, walikuwa wamenyimwa haki ya kupiga kura tangu mwaka wa 1728, na hawakuruhusiwa kuketi bungeni. Mtoto huyu alikua akijua kwamba jamaa za mama yake hawakuhesabiwa kuwa watu mbele ya sheria. Alisomeshwa Ballitore, katika shule ya Wakristo wa madhehebu ya Quaker, yale yale ambayo baadaye yalikuja kukita mizizi kwetu Kaimosi, kisha akaingia Chuo cha Trinity mjini Dublin. Mwaka wa 1750 alikwenda London kusomea sheria kama alivyotaka baba yake, lakini masomo hayo aliyaacha akashika kalamu.

Mwandishi maskini asiye na shamba wala ukoo mkubwa hakuwa na njia ya kufika bungeni siku hizo isipokuwa ashikwe mkono na mkubwa. Burke alishikwa mkono. Mwaka wa 1765 alipata kazi ya katibu wa Lord Rockingham, kabaila tajiri ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa waziri mkuu. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amepewa kiti cha Wendover katika baraza la chini la bunge, lile linaloitwa la makabwela japo kabwela halisi hakuwa na nafasi humo. Nasema alipewa, wala sisemi alishinda, kwa kuwa Wendover ulikuwa mji mdogo ambao wapiga kura wake walimtegemea kabaila mmoja, na kabaila huyo akitaja jina, mambo yalikwisha. Viti vya namna hiyo vilikuwa vingi. Old Sarum, mahali palipokuwa karibu mahame matupu, palituma wabunge wawili, na mji wa Manchester haukuwa na mbunge wake hata mmoja.

Kilele cha maisha yake kilifika mwaka wa 1774, Bristol ilipomwita agombee. Bristol haikuwa Wendover. Ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya biashara nchini Uingereza, wenye bandari iliyotajirika kwa sukari, tumbaku na, ole wetu, kwa kuuza Waafrika. Wapiga kura wake walikuwa kiasi cha elfu tano, jambo la nadra siku hizo. Walichagua wabunge wawili, Burke na mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa Marekani aliyeitwa Henry Cruger.

Matokeo yalipotangazwa, Novemba 3, 1774, Cruger alitangulia kuzungumza akakubali kwamba mbunge hufungwa na maagizo ya waliomchagua. Burke naye akasimama. Kwa desturi hiyo ilikuwa saa ya kushukuru na kuahidi kila kitu, lakini yeye aliutumia wasaa huo kuwapinga wapiga kura wake ana kwa ana. Aliwaambia kwamba mbunge anapaswa kuishi karibu na watu wake, kuyaheshimu sana maoni yao na kuutanguliza usitawi wao mbele ya raha yake mwenyewe. Lakini dhamiri na uamuzi wake hana ruhusa ya kumkabidhi mtu yeyote. Kwa maoni yake bunge si mkutano wa mabalozi waliotumwa na maadui kuvutana, bali ni baraza moja la taifa moja, ambalo hutafuta faida ya wote kwa kusemezana.

Tuipime hoja hiyo kwa mizani ya kwetu. Chukua baraza la wazee linaloamua ugomvi wa mpaka wa shamba. Ikiwa kila mzee ameapishwa nyumbani kwake asibadili neno hata asikie ushahidi gani, basi mashahidi wanaitwa kufanya nini? Baraza hilo limekwisha kuamua kabla ya kuketi. Burke aliona kuwa mbunge aliyefungwa mdomo na maagizo ni kama mzee huyo, na kwamba wanaotoa maagizo wako mbali na hawajazisikia hoja zinazotolewa. Hapo nadhani alisema kweli.

Lakini kusema ni rahisi, utekelezaji ndio mgumu. Miaka sita ya Bristol ilimjaribu Burke vikali. Serikali ilipojitosa katika vita na makoloni ya Marekani, yeye alipinga, na mwaka wa 1777 aliwaandikia masherifu wa Bristol barua ndefu iliyochapishwa, akiwaeleza wapiga kura sababu za msimamo wake. Mwaka wa 1778 uliletwa bungeni mpango wa kuwalegezea watu wa Ayalandi vikwazo vya biashara. Wafanyabiashara wa Bristol waliogopa kwamba bidhaa za Ayalandi zingewaharibia soko, wakamtaka mbunge wao aupinge. Aliuunga mkono. Mwaka huo huo aliunga mkono sheria ya kuwapunguzia Wakatoliki baadhi ya dhuluma walizokuwa wakitendewa. Kadhalika aliunga mkono mswada wa kupunguza ukatili wa kuwafunga jela watu walioshindwa kulipa madeni, jambo lililowaudhi wenye duka waliozoea kuitumia jela kama kamba ya kumkaba mdeni.

Je, matakwa ya watu yalikuwa nini katika mambo hayo? Jibu lilionekana Juni 1780. Lord George Gordon aliongoza makumi ya maelfu ya watu hadi bungeni kupeleka ombi la kutaka sheria ile ya Wakatoliki ifutwe. Siku chache zilizofuata London iliwaka moto. Makanisa ya Wakatoliki yalichomwa, magereza yakavunjwa, na wanajeshi walipotumwa kuzima ghasia hizo mamia ya watu waliuawa. Mtu aliyesimama barabarani siku ile angeweza kuapa kwamba ameisikia sauti ya umma kwa masikio yake, na umma huo ulikuwa ukitaka jirani zake wakandamizwe. Mwananchi anayeamini kwamba mbunge ni kioo tu, cha kuonyesha sura ya waliokisimamia mbele, hana budi kulijibu tukio hili. Wakatoliki walikuwa wachache, na kioo kisingewaonyesha.

Mnamo Septemba 6, 1780, Burke alirudi Bristol kuomba kura tena. Alisimama katika ukumbi wa mji akataja mashtaka manne aliyoshtakiwa na watu wake: kwamba hawatembelei, kwamba aliisaidia Ayalandi, kwamba aliwaonea huruma wadeni, na kwamba aliwatetea Wakatoliki. Kuhusu lile la kwanza alijitetea kwamba kazi za bunge zilimzuia, na sidhani kwamba utetezi huo uliwatosha watu ambao kwa hakika walikuwa wamemwona mara chache. Kuhusu yale matatu hakurudi nyuma hata hatua moja. Alieleza kila kura aliyoipiga na sababu yake, akawaachia waamue. Wakaamua. Siku tatu baadaye, alipoona kwamba kura hazitoshi, alijitoa katika uchaguzi, akaaga bila matusi.

Wapo wanaolisimulia tukio hilo kama hadithi ya mtu mwema aliyekataliwa na wajinga. Mimi siisomi hivyo. Naona kwamba siku ile serikali ya uwakilishi ilifanya kazi yake sawasawa kwa pande zote mbili. Burke alitumia haki ya wakili, akafuata anachokiona kuwa kweli. Watu wa Bristol walitumia haki ya mwenye kesi, ambayo ni kumbadilisha wakili. Hakuna aliyemdhulumu mwenziwe. Dhamiri ya mbunge ilikuwa na bei, naye aliilipa kutoka katika mfuko wake mwenyewe. Dhamiri isiyomgharimu mwenyewe kitu, na kuwagharimu wengine tu, naitilia shaka.

Laiti hadithi ingeishia hapo! Haikuishia. Kabla ya mwaka wa 1780 kwisha, Lord Rockingham alimpa mtu wake kiti kingine, Malton katika jimbo la Yorkshire, na Burke akakikalia hadi mwaka wa 1794. Malton ilikuwa mfukoni mwa kabaila kama Wendover. Mtu aliyefukuzwa na wapiga kura elfu tano alirudi bungeni kwa neno la bwana mmoja. Hapa ndipo mimi na Burke tunapoachana njia. Alikuwa amefundisha kwamba mbunge haamriwi na wapiga kura wake, lakini hakuona ubaya mbunge kutegemea fadhila za mtu mmoja. Alipinga jitihada za kupanua haki ya kupiga kura, na alipinga mapendekezo ya kufupisha muda wa bunge, ambao wakati huo ulikuwa miaka saba. Karibu na mwisho wa maisha yake, mwaka wa 1796, alikadiria kwamba watu wanaostahili kuhesabiwa kuwa umma wenye maoni katika siasa za Uingereza na Uskoti hawakuzidi laki nne. Mamilioni waliosalia, kwa hesabu yake, walipaswa kutunzwa, wala si kuulizwa.

Hata hivyo, uadilifu wanidai niseme na upande wa pili. Ni akiwa mbunge wa Malton ndipo Burke alipoifanya kazi ambayo mimi naiheshimu kuliko zote. Alimshtaki Warren Hastings, aliyekuwa gavana mkuu wa Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, kwa dhuluma walizotendewa watu wa India. Kesi hiyo ilifunguliwa Februari 1788 mbele ya baraza la juu la bunge, ikakokotwa hadi Aprili 1795, na Hastings akaachiliwa huru. Hakuna mtu wa Bengal aliyempigia Burke kura. Alikuwa amejitwika mwenyewe uwakili wa watu wasiomjua, na alishindwa.

Lakini nani angetaka haki yake itegemee bahati kama hiyo? Kiti kisichohitaji ridhaa ya watu kinaweza kumleta Burke, na kinaweza pia kumleta mwizi. Viti vya namna hiyo hiyo vilinunuliwa na watu waliorudi kutoka India na mali za dhuluma. Hata huruma ya Burke mwenyewe ilikuwa na mipaka. Kiasi cha mwaka wa 1780 aliandika mpango wa kuidhibiti biashara ya watumwa hadi ikome polepole, kisha karatasi hizo zikakaa hadi mwaka wa 1792 ndipo akampelekea waziri Henry Dundas. Katika kipindi hicho aliunga mkono wenzake waliotaka biashara hiyo ikomeshwe, hilo sikatai. Lakini Mwafrika aliyekuwa katika shimo la merikebu hakuwa na kura ya kumharakisha.

Sisi Wakenya tunakijua kiti cha huruma. Kuanzia mwaka wa 1924 serikali ya mkoloni iliwateua wamishonari wa Kizungu kusema kwa niaba ya Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria. Baadhi yao walikuwa watu wenye nia njema. Ilitupasa kungoja hadi mwaka wa 1944 ndipo Eliud Mathu akawa Mwafrika wa kwanza kuingia humo, naye pia kwa kuteuliwa, na hadi Machi 1957 ndipo Waafrika wanane wa kwanza walipochaguliwa kwa kura, tena kura yenye masharti mengi. Babu zetu hawakusema kwamba wamishonari wanatosha kwa kuwa wana huruma. Walidai kuchagua, na zaidi ya kuchagua walidai uwezo wa kukataa.

Burke alifariki Julai 9, 1797, nyumbani kwake Beaconsfield, akiwa amevunjika moyo kwa kifo cha mwanawe wa pekee aliyekuwa hai, aliyefariki mwaka wa 1794. Miaka 35 baada ya kifo chake, mwaka wa 1832, bunge lenyewe lilipitisha sheria iliyofuta viti vingi vya mfano wa Old Sarum. Mafundisho yake ya Bristol hayakufutwa. Yalibaki, yakavuka bahari, na yako hai katika kila bunge lililojengwa kwa mfano wa lile la Uingereza.

Je, basi serikali ya uwakilishi huakisi kweli matakwa ya wananchi? Jibu langu, baada ya kuyatafakari maisha haya, ni kwamba haiyaakisi kama kioo, na wala haikuundwa kwa kazi hiyo. Kura ya siku moja haiwezi kubeba maoni ya watu juu ya kila mswada utakaoletwa kwa miaka mitano. Tunachokitoa siku ile ni uwakili. Uwakili huo unakuwa halali kwa masharti matatu: kwamba mbunge alituambia wazi tangu mwanzo atafuata nini, kwamba atarudi kutueleza kila kura aliyoipiga, na kwamba tuna njia ya kweli ya kumwondoa. Kwa mizani hii Burke wa Bristol alipita, licha ya uzembe wake wa kutotembelea watu. Burke wa Malton, pamoja na wema wake wote kwa watu wa India, alianguka.

Tuwapime na wetu. Mbunge anayedai kwamba alipiga kura kwa dhamiri, na atueleze dhamiri hiyo ilimwambia nini. Ikiwa kura yake ilitokana na simu ya kiongozi wa chama, au hofu ya kunyimwa tiketi, basi asijifunike joho la Burke wa Bristol. Huyo ni mtu wa Malton, mwenye kabaila wake, hata kama wapiga kura wake ni elfu themanini. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 104, iliwapa wapiga kura haki ya kumrudisha nyumbani mbunge kabla ya muda wake. Sheria iliyotungwa kuitekeleza haki hiyo iliwekewa vizingiti ambavyo baadhi yavyo Mahakama Kuu ilivibatilisha mwaka wa 2017, na hadi uchaguzi wa 2022 hakuna mbunge hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo. Watu wa Bristol walingoja miaka sita. Vijana wa Juni 2024 hawakuona mlango mwingine uliokuwa wazi isipokuwa lango la bunge, na baadhi yao walilipia kwa maisha yao.

Ndiyo maana nasema tusiishie kuwalaani wabunge wasiotusikiliza. Tuwadai hesabu ya kura zao katika kila kata, jina kwa jina na mswada kwa mswada, na tulidai bunge litutungie sheria ya kifungu cha 104 inayoweza kutumika. Wakili asiyeweza kufukuzwa na mwenye kesi amekwisha kuwa mwenye kesi yeye mwenyewe.